Maswali ya Wasomaji: Kura ya Marekani na Karatasi Zinazomzuia Maskini

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa Waswahili walioko Marekani: waliokula kiapo cha uraia karibuni, wazazi wao, na walioolewa au kuoa katika familia za Wamarekani weusi. Tumechagua zile zenye jambo ambalo mtu anaweza kulishughulikia. Kumbuka kwamba kule hakuna tume moja ya uchaguzi kwa nchi nzima. Kila jimbo lina sheria zake, na kazi yenyewe hufanywa na kaunti au mji. Tukitaja jimbo, jibu ni la jimbo hilo.

Nilikula kiapo cha uraia mwaka juzi, nikajiandikisha kupiga kura siku ileile. Sasa kaunti imeniletea barua inayotaka nithibitishe uraia wangu ndani ya siku 30, la sivyo nifutwe. Nimekosea wapi? — Msomaji, Houston, Texas

Hukukosea popote. Kilichochelewa ni kumbukumbu zako. Ulipochukua leseni ya udereva ulikuwa bado na kadi ya kijani (kibali cha mgeni cha kuishi Marekani kwa kudumu), na ofisi ya leseni ikaandika kwamba wewe si raia. Ulipokula kiapo, hakuna aliyeipelekea ofisi hiyo habari. Jimbo likilinganisha daftari la wapigakura na orodha ya leseni, jina lako linaonekana kama la mgeni aliyejiandikisha kinyume cha sheria.

Mambo haya yamekwisha kutokea kwa wingi. Januari 2019 Texas ilitangaza majina yapatayo 95,000 ya watu walioshukiwa kuwa si raia. Hazikupita siku nyingi, ikabainika kwamba maelfu kwa maelfu yao walikuwa raia kamili waliopewa uraia baada ya kuchukua leseni. Kesi zikafunguliwa, na jimbo likaachana na zoezi hilo. Alabama ilifanya jambo la aina hiyo Agosti 2024 kwa majina 3,251. Jaji wa shirikisho alilisimamisha mwezi Oktoba, baada ya kuonekana kwamba zaidi ya 2,000 kati ya watu hao walikuwa na haki ya kupiga kura. Raia aliyezaliwa Marekani ni nadra kukumbwa na kosa hili, kwa sababu kwa kawaida hana kumbukumbu ya zamani inayomwita mgeni. Ndiyo maana zoezi ambalo kwa maandishi halimtaji mtu wa rangi yoyote huishia kuwaangukia Walatino, Waasia na Waafrika.

Usiitupe barua hiyo, na usingoje siku ya 29. Toa nakala ya cheti cha uraia au ya ukurasa wa picha wa pasipoti ya Marekani. Wengi huogopa kutoa nakala ya cheti kwa sababu kina onyo dhidi ya kukinakili. Kukinakili kwa shughuli halali kunaruhusiwa. Cheti chenyewe usikitume kwa posta hata kidogo, maana kukipata kingine ni zaidi ya dola 500 na miezi ya kungoja. Peleka nakala mkononi ukiweza, ugongewe muhuri wa tarehe kwenye nakala yako. Ukituma kwa posta, tumia barua ya rejista yenye stakabadhi.

Kisha rekebisha mzizi wa tatizo. Kwanza nenda ofisi ya Hifadhi ya Jamii (Social Security) na cheti chako, wabadilishe hali yako ya uraia. Huduma hiyo ni bure. Baada ya hapo nenda ofisi ya leseni. Ukianza na leseni, huenda mashine yao ikasoma taarifa za zamani za Hifadhi ya Jamii ukarudi palepale. Walioko Ohio wawe waangalifu zaidi: tangu 2023 jimbo hilo huandika kwenye leseni ya asiye raia kwamba mwenye leseni si raia. Usiende nayo kituoni baada ya kiapo ukidhani itapita kwa vile picha ni yako.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa, nalo ni majina. Hassan Juma Hassan anaweza kuwa Juma Hassan kwenye leseni, Hassan J. Hassan kwenye Hifadhi ya Jamii, na Hasan kwenye fomu ya kura. Mwaka 2018 Georgia ilikuwa imesimamisha maombi yapatayo 53,000, mengi kwa sababu maandishi hayakulingana herufi kwa herufi au tarakimu kwa tarakimu, na takriban 70% ya waombaji hao walikuwa watu weusi. Kistari kilichokosekana kilitosha kusimamisha ombi. Tena wakimbizi wengi waliandikiwa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa kwa sababu kambini hakukuwa na cheti. Wakiwa wawili katika kaunti moja wenye jina moja na tarehe hiyohiyo, kompyuta inaweza kuwahesabu kuwa mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili. Dawa ni kuandika jina kama lilivyo kwenye cheti cha uraia kila mahali, na kujaza namba ya leseni au tarakimu nne za mwisho za Hifadhi ya Jamii bila kuruka.

Nina kadi ya kijani. Ofisi ya leseni waliniuliza kama nataka kujiandikisha kupiga kura, nikasema ndiyo. Sasa nimeletewa kadi ya mpigakura. Niitumie? — Msomaji, Phoenix, Arizona

Usiitumie. Asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa shirikisho anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, lakini kifungo si kikubwa kuliko yote. Sheria ya uhamiaji humhukumu vikali mtu aliyedai uraia asiokuwa nao, na tiki kwenye kisanduku cha fomu inaweza kuhesabiwa kuwa dai. Matokeo yake ni kufukuzwa nchini au kunyimwa uraia hapo baadaye.

Mwone wakili wa uhamiaji kabla ya kuandika chochote. Mashirika ya misaada ya kisheria yana mawakili wa bei nafuu au wa bure. Yeye ndiye atakayeandaa barua ya kuomba jina liondolewe, nawe utunze nakala. Fomu ya uraia, N-400, inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Jibu ukweli pamoja na maelezo yatakayopitiwa na wakili. Kuficha ni kosa la pili juu ya la kwanza. Na mtu yeyote mwenye kadi ya kijani akiulizwa swali hilo dirishani, ajibu: "Hapana, mimi si raia bado."

Mama mkwe wangu ni Mmarekani mweusi, amezaliwa 1946 nyumbani kwa mkunga huko Alabama. Hana cheti cha kuzaliwa, hana leseni. Wanasema bila kitambulisho chenye picha hapigi kura. Tumezunguka ofisi tatu. — Mkwe, Montgomery

Mnatafuta cheti msichokihitaji kwa kura. Alabama hutoa kitambulisho cha mpigakura bila malipo, katika ofisi ya waandikishaji wa kaunti, siyo ofisi ya leseni. Anatakiwa awe ameandikishwa kupiga kura, aonyeshe hati yenye jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, na hati yenye jina na anwani. Hati ya kwanza si lazima iwe cheti cha kuzaliwa: karatasi ya ndoa, hati ya Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee), hati ya Hifadhi ya Jamii, kumbukumbu za shule au za hospitali zinakubalika. Ya pili inaweza kuwa bili ya umeme. Pigeni simu kwanza muulize siku na saa, kwa sababu ofisi za kaunti ndogo hazifunguliwi kila siku. Kukiwa na shida ya usafiri, ulizeni kuhusu gari la jimbo linalozunguka kutoa vitambulisho hivyo.

Ikishindikana kabisa, sheria ya Alabama ina mlango mwingine: maofisa wawili wa kituo wakimfahamu na kuapa kwa maandishi kwamba ndiye, anapiga kura ya kawaida. Katika mji mdogo alikoishi miaka 50 njia hiyo inawezekana. Katika mji mkubwa usiitegemee.

Cheti cha kuzaliwa kitamfaa kwa mengine, kwa hiyo endeleeni nacho polepole. Kinaitwa cheti cha kuzaliwa kilichochelewa, na kinahitaji ushahidi wa zamani: kitabu cha ubatizo, daftari la shule, fomu aliyojaza alipoomba namba ya Hifadhi ya Jamii. Ushahidi unaosahaulika ni sensa. Kumbukumbu za sensa ya Marekani hufichwa kwa miaka 72, na zile za 1950 zilifunguliwa Aprili 2022. Mtoto wa 1946 atakuwamo akiwa na miaka mitatu au minne, pamoja na majina ya watu wa nyumba yao, na kuzitazama mtandaoni ni bure. Tafuteni kwa jina la baba au la babu, na mjaribu tahajia tofauti, kwa sababu karani wa sensa aliandika alivyosikia.

Kisa cha mama mkwe wako kinaonyesha kwa nini "kitambulisho cha bure" si bure. Karatasi zinazokizalisha zinalipiwa, na safari pia. Mwaka 2015 Alabama ilipunguza huduma katika ofisi za leseni 31, nyingi zikiwa katika kaunti maskini zenye weusi wengi, mwaka mmoja tu baada ya sharti la kitambulisho kuanza kutumika. Kulikuja kelele, na mwishoni mwa 2016 jimbo likakubaliana na serikali ya shirikisho kuongeza saa za ofisi hizo. Utafiti wa 2006 uliofanywa nchi nzima ulikadiria kwamba raia wazima 11% hawakuwa na kitambulisho halali cha serikali chenye picha. Kwa watu weusi ilikuwa 25%.

Na chagua-chagua ya vitambulisho yenyewe inasema mengi. Texas inakubali leseni ya kubeba bastola lakini haikubali kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo cha umma. Kwa wasomaji wetu wa huko kuna habari njema moja: cheti cha uraia chenye picha kimo katika orodha ya Texas, na hakina mwisho wa muda.

Mama yangu ni raia lakini hajui Kiingereza. Karatasi za kura hazina Kiswahili. Naruhusiwa kuingia naye? — Msomaji, Columbus, Ohio

Unaruhusiwa, na si kwa hisani ya karani. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, kifungu cha 208 kilichoongezwa mwaka 1982, inasema mpigakura anayehitaji msaada kwa sababu ya upofu, ulemavu au kutoweza kusoma au kuandika anaweza kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Waliokatazwa ni mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na ofisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Kutoweza kusoma Kiingereza kumo. Kifungu hiki kinatumika nchi nzima.

Kinachowachanganya makarani ni kifungu cha 203, kinachozilazimu baadhi ya kaunti kuchapisha karatasi za kura kwa lugha nyingine. Hicho kinahusu Kihispania na lugha za Waasia, za wenyeji asilia wa Marekani na za wenyeji wa Alaska tu. Kiswahili hakimo, wala Kisomali, Kiamhari au Kiarabu. Karani akikwambia "lugha yenu haipo kwenye orodha," amejibu swali ambalo hukuuliza. Mwambie kwa upole kwamba mama amekuchagua wewe kumsaidia chini ya kifungu cha 208. Akikataa, mwite msimamizi wa kituo.

Mama mwenyewe atamke kwamba anataka msaada. Mfundishe sentensi moja. Baadhi ya majimbo humtaka msaidizi ajaze fomu ya jina na anwani au kula kiapo, basi beba kitambulisho chako nawe. Jambo kubwa hata hivyo lifanyike nyumbani. Karatasi ya kura ya Marekani ni ndefu: rais, seneti, bunge, gavana, majaji, bodi ya shule, kisha mapendekezo ya sheria yaliyoandikwa kwa lugha ya mawakili. Kaunti hutoa mfano wa karatasi hiyo wiki kadhaa kabla. Uchapishe, umsomee mama kwa Kiswahili, atie alama, aende nao mkononi. Msiiweke kwenye simu, kwa sababu baadhi ya majimbo, Texas ikiwamo, hayaruhusu simu kutumika karibu na vibanda.

Nilidhani ubaguzi wa kura uliisha miaka ya 1960. Kwani sheria ya 1965 ilifutwa? — Mwanafunzi, Morogoro

Haikufutwa. Iling'olewa meno ya mbele. Kabla yake majimbo ya Kusini yalikuwa na mtihani wa kusoma na kodi ya kura. Virginia ilidai dola 1.50 kwa mwaka, na mtu alitakiwa awe amelipa ya miaka mitatu, miezi sita kabla ya uchaguzi. Mpangaji wa shamba asiye na fedha taslimu hadi mavuno alikwama hapo. Marekebisho ya 24 ya Katiba, mwaka 1964, yaliondoa kodi hiyo kwa uchaguzi wa shirikisho, na Mahakama ya Juu ikaiondoa kwa ule wa majimbo mwaka 1966. Sheria ya 1965 ilileta mabadiliko ya haraka: Mississippi, weusi walioandikishwa walitoka takriban 7% hadi karibu 60% ndani ya miaka miwili.

Nguvu yake ilikuwa katika kifungu cha 5. Maeneo yenye historia ya ubaguzi hayakuweza kubadilisha kanuni yoyote ya uchaguzi, hata kuhamisha kituo, bila idhini ya serikali kuu au ya mahakama ya Washington. Juni 25, 2013, katika kesi ya kaunti ya Shelby, Alabama, majaji watano wa Mahakama ya Juu dhidi ya wanne walibatilisha kanuni iliyotumika kuyachagua maeneo hayo. Kifungu cha 5 kimebaki kitabuni bila wa kumshika. North Carolina ilipitisha sheria pana ya masharti ya kura wiki chache baadaye. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa iliibatilisha ikisema iliwalenga weusi kwa usahihi wa kisu cha mpasuaji. Lakini hesabu miaka: sheria hiyo ilipitishwa 2013, ikabatilishwa 2016, na chaguzi zilikuwa zimefanyika katikati. Zamani jimbo ndilo lililothibitisha kabla kwamba kanuni yake haibagui. Sasa mpigakura anathibitisha ubaguzi baada ya kuumia.

Kwa nini foleni za kura mitaa ya weusi ni ndefu hivyo? Nchi tajiri inakosa nini? — Msomaji, Mombasa

Hesabu yake ni rahisi, na tungependa kila msimamizi wa kaunti aifanye hadharani. Chukua kituo chenye madawati matatu ya kuhakiki majina, kila mtu akitumia dakika mbili. Kituo hicho kinahudumia watu 90 kwa saa. Wakija 90, hakuna foleni ya maana. Wakija 150, watu 60 wanabaki nje kila saa, na baada ya saa nne wako 240. Anayefika wakati huo atangoja saa mbili na dakika 40. Ongeza dawati la nne na la tano, foleni hiyohiyo haipo. Foleni haikui taratibu pamoja na watu. Inalipuka pale tu wanaokuja wanapozidi wanaohudumiwa.

Sasa angalia nini huongeza dakika mbili ziwe tano: jina halipo daftarini, anwani imebadilika, kitambulisho kinabishaniwa, fomu ya ziada inajazwa. Hayo hutokea zaidi kwa wapangaji wanaohama-hama na kwa wenye majina yaliyokosewa, yaani palepale penye umaskini. Nako kufunga vituo huwarundika watu. Katika maeneo yaliyokuwa chini ya kifungu cha 5, ripoti ya mashirika ya haki za kiraia ilihesabu vituo 1,688 vilivyofungwa kati ya 2012 na 2018, Texas ikiongoza kwa 750. Kaunti ya Maricopa, Arizona, ilikuwa na vituo zaidi ya 200 mwaka 2012, ikabaki na 60 katika mchujo wa Machi 2016, uchaguzi wa vyama kuteua wagombea. Watu wakangoja kwa muda wa hata saa tano.

Watafiti waliotumia data za simu za mkononi za uchaguzi wa 2016 waligundua kwamba wakazi wa mitaa ya weusi watupu walingoja muda mrefu kwa 29% kuliko wa mitaa ya weupe watupu, na uwezekano wao wa kukaa zaidi ya nusu saa ulikuwa mkubwa kwa 74%. Kwa mtu wa mshahara wa mwezi ni usumbufu. Kwa anayelipwa kwa saa ni fedha zilizokatwa, na huenda ajira. Siku yenyewe ni Jumanne, kwa sheria ya mwaka 1845, na si sikukuu ya taifa.

Walioko huko wajue mambo machache. Ukiwa kwenye foleni kituo kinapofungwa, una haki ya kupiga kura. Usitoke hata ukiambiwa muda umekwisha. Kama jimbo lako lina upigaji kura wa mapema, nenda katikati ya wiki, asubuhi ikishachangamka baada ya watu kuingia kazini. California na New York humpa mfanyakazi asiye na nafasi ya kutosha nje ya kazi hadi saa mbili zenye malipo, akimwarifu mwajiri siku mbili za kazi kabla. Baadhi ya majimbo hayana kitu. Georgia kuna mtego wa ajabu kidogo: sheria ya 2021 inakataza kumgawia mpigakura maji au chakula ndani ya futi 150 za jengo la kituo. Beba yako.

Ukiambiwa jina halipo, usiondoke mikono mitupu. Hakikisha kwanza hicho ndicho kituo chako, kwa sababu katika majimbo mengi kura iliyopigwa kituo kisicho chako hutupwa yote au sehemu. Kikiwa ndicho, omba kura ya muda, ile inayowekwa kando hadi uhakiki ufanyike. Sheria ya shirikisho ya 2002 inakupa haki hiyo, na wanapaswa kukupa karatasi yenye simu au tovuti ya kuangalia kama ilihesabiwa. Uliza hapohapo: "Nilete nini, wapi, na mwisho lini?" Ohio, kwa aliyekosa kitambulisho, ni siku nne baada ya uchaguzi. Kura nyingi za muda hufia hapa, mtu akidhani amemaliza. Ukikwama, simu ya bure ya 866-687-8683 huwa na watu waliofunzwa na mawakili wa kujitolea.

Kura ya posta ya baba yangu ilirudishwa. Amejaza vizuri kabisa. — Msomaji, Dallas

Angalia chini ya ukingo wa kufungia bahasha. Sheria ya Texas ya 2021 inataka hapo pawe na namba ya leseni au tarakimu nne za Hifadhi ya Jamii, na namba hiyo ilingane na iliyomo kwenye faili lake. Mzee aliyejiandikisha zamani kwa namba moja, kisha akaandika nyingine, hukataliwa ingawa zote ni zake. Katika mchujo wa Machi 2022, uchaguzi wa kwanza mkubwa chini ya sheria hiyo, zaidi ya kura 24,000 za posta zilikataliwa, takriban 12%. Aandike namba zote mbili. Akipata muda, arekebishe kupitia mfumo wa jimbo wa kufuatilia kura za posta, au ofisini kwa kaunti.

Kwingineko makosa ni ya aina nyingine. Pennsylvania kuna bahasha ya ndani ya siri. Kura isiyo ndani yake haihesabiwi. Wisconsin inataka shahidi mmoja atie saini, North Carolina wawili. Saini ya mzee aliyepata kiharusi haifanani na ya miaka kumi iliyopita, na katika majimbo yanayolinganisha saini hilo linatosha. Ajiandikishe upya kwa saini ya sasa.

Mume wangu alimaliza kifungo chake. Wengine wanasema tayari ana haki, wengine wanasema hadi alipe madeni ya mahakama. — Mke, Jacksonville, Florida

Wote wana kipande cha ukweli. Mwaka 2018 wapigakura wa Florida, karibu 65%, walirekebisha katiba yao ili waliomaliza adhabu warudishiwe kura, isipokuwa waliopatikana na hatia ya mauaji au makosa makubwa ya kingono. Mwaka uliofuata bunge la jimbo lilisema kumaliza adhabu ni pamoja na kulipa faini, ada na fidia zote zilizotajwa kwenye hukumu. Mahakama ya rufaa iliikubali sheria hiyo Septemba 2020. Umaskini umerudi kuwa kizuizi, kwa jina la deni.

Ubaya zaidi ni kwamba hakuna daftari moja la jimbo linaloonyesha mtu anadaiwa kiasi gani. Anza kwa karani wa mahakama wa kila kaunti alikohukumiwa; omba nakala ya hukumu yenyewe na taarifa ya malipo. Kinachohesabika ni kilichoandikwa kwenye hukumu. Riba na gharama za wakala wa kukusanya madeni zilizoongezwa baadaye hazimo. Kisha aandike kwa Idara ya Uchaguzi ya Florida kuomba maoni rasmi kuhusu haki yake, na angoje jibu la maandishi. Anayepiga kura kwa kulitegemea jibu hilo kwa nia njema analindwa. Asitegemee kwamba kaunti imempa kadi: Agosti 2022 Florida ilitangaza kuwashtaki watu 20 waliokuwa na makosa yasiyosamehewa, baadhi yao wakiwa na kadi za mpigakura walizopewa na ofisi za serikali. Kama alihukumiwa jimbo jingine, Florida hufuata sheria ya jimbo hilo.

Wala si Marekani yote iko hivyo. Maine na Vermont, mfungwa hupiga kura akiwa gerezani.

Tumefukuzwa nyumba, tunalala kwenye makazi ya dharura. Bila anwani tunaweza kupiga kura? — Mama wa watoto watatu, Minneapolis

Mnaweza. Anwani ya kura ni mahali mnapolala. Inaweza kuwa hayo makazi, na hata kona ya barabara ikielezwa vizuri. Fomu ya shirikisho ya kujiandikisha ina nafasi ya kuchora ramani kwa ajili hiyo. Mkiwa na mahali pa kupokelea barua, mpaandike kwenye nafasi ya anwani ya posta, maana kadi ya uhakiki ikirudi kwa mtumaji jina linaweza kuanza safari ya kufutwa.

Minnesota huandikisha hata siku yenyewe ya uchaguzi, hapohapo kituoni. Mfanyakazi wa makazi mnayolala anaweza kuwadhamini wakazi wote wa pale kwa kuapa kwamba wanaishi hapo. Akija aonyeshe kwamba anafanya kazi mahali hapo. Au mpigakura aliyeandikishwa katika eneo lenu dogo la uchaguzi awadhamini, mwisho watu wanane, ila aliyedhaminiwa siku hiyo hawezi kumdhamini mwingine. Mwombeni mfanyakazi huyo wiki moja kabla, mjue zamu yake ya Jumanne ni saa ngapi.